Taa ya kona inaua glopu kila mara, nisaidieni kabla ya Jumapili

Kaka Nyegezi (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu.

Nina ka-IST kangu hapa Mwanza. Taa ya kona ya mbele kushoto inanitesa. Nikiwasha indiketa ya kushoto inapepesa mbio mbio, ya kulia inapepesa kawaida. Fundi mmoja akaweka glopu mpya, ikakaa kidogo ikafa. Nikanunua nyingine mwenyewe, nayo ikafa. Sasa nimeona nimalize ubishi kwa kuweka LED, nimeshachukua pea moja kali pale Makoroboi, jamaa kanihakikishia hizi hazifi.

Swali langu ni moja tu. LED zinaingia moja kwa moja au kuna kitu cha kubadilisha? Na je, mtu anayelijua gari akilitazama atagundua kwamba kona imeguswa?

Naomba majibu ya haraka, Jumapili gari linatakiwa liwe sawa. Matusi hapana.

Sato Mbichi

Nimeona "kona" nikaja mbio nikijua Pamba Jiji wamepata kona dakika za nyongeza. Ngoja nikae paleee niwasubiri wajuzi.

Mzee wa Fyuzi

Kupepesa mbio ni flasha, kile kifaa kinachoifanya indiketa ipepese, inakuambia kuna glopu imekufa. Upande mmoja una glopu ya mbele na ya nyuma, kila moja wati 21. Moja ikikata, umeme unaopita unapungua, flasha inaharakisha ili dereva ashtuke. Ndivyo ilivyotengenezwa.

Sasa LED inakula umeme kidogo sana. Ukiipachika hapo, flasha itaona ni yale yale, glopu imekufa, itapepesa mbio hata kama LED yenyewe inawaka vizuri. Utalazimika kubadilisha flasha uweke ya LED, au ufunge rizista ili ile umeme kama glopu na flasha itulie, zile za omu 6 wati 50 ndizo zimejaa madukani. Ukifunga rizista ujue inapata moto wa kuyeyusha plastiki, kwa hiyo inafungwa kwenye chuma cha bodi, siyo kuzungushiwa tepu pamoja na waya kama nilivyokuta kwenye gari la mteja wangu mmoja. Waya wote ulikuwa umekuwa uji.

Ila mimi hilo la LED halinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba glopu ya indiketa haifi ovyo hivyo. Unaiwasha ukikata kona, unazima. Kuna kitu kinaiua. Hebu niambie, ikifa kioo chake kinakuwaje? Kimeungua cheusi, kimeingia ukungu mweupe kwa ndani, au kimepasuka? Ukiwasha indiketa, taa ndogo ya parking upande huo huo nayo inapepesa? Glopu nyingine za gari zinakufa au ni hiyo tu? Na gari limewahi kugongwa?

Dereva Mstaafu

Vijana mnapenda taa kuliko breki.

Mimi nimekula barabara ya Mwanza–Musoma miaka mingi. Safari moja indiketa ya kushoto ilinifia tukiwa Nyanguge. Nikamwambia konda kila tukitaka kuingia kushoto atoe mkono dirishani. Kijana mtiifu, alitoa mkono kila kituo. Watu wa vijijini nao wakadhani anawapungia, wanapunga. Wengine wakawa wanakimbilia basi wakijua tumewaita. Tulipofika Lamadi basi limejaa hadi mlangoni na konda hawezi kuinua mkono kupokea nauli.

Siku hizi huwezi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ipo, na cheti cha kosa moja ni 30,000. Glopu bei gani? Piga hesabu mwenyewe.

Bi Mkubwa wa Igoma

Mimi magari siyajui, nina swali jingine. Kwa nini kabla ya Jumapili? Na huyo "mtu anayelijua gari" ni nani kama gari ni lako?

Kaka Nyegezi

Dereva Mstaafu shikamoo mzee wangu, asante kwa simulizi, ila sijauliza faini.

Mzee wa Fyuzi, glopu ya mwisho kioo kilipasuka, kile cha duara kikabaki ndani ya kona na kitako kwenye holda, nikakitoa kwa plaizi. Ile ya kwanza sikuiangalia. Parking ndiyo, inapepesa kwa mbali ikifuatana na indiketa. Taa nyingine zote nzima. Gari halijagongwa, limeguswa tu.

Bi Mkubwa, Jumapili nina safari ya kifamilia.

Mzee wa Fyuzi

Limeguswa na nini?

Sato Mbichi

Limeguswa na neno la Mungu 😂

Mwana wa Mwaloni

Usisahau kuishika glopu kwa kitambaa. Ukiigusa kwa vidole vyenye mafuta inapasuka. Tatizo lako liko hapo, nina uhakika.

Mzee wa Fyuzi

Mwana wa Mwaloni, hiyo ni ya glopu za halojeni za taa kubwa, zile zinazopata moto mkali. Hizi ndogo za kona unaishika na mkono wako wa samaki inawaka tu. Tusimpoteze.

Mleta mada, najibu kwa ulichosema. Taa nyingine nzima, kwa hiyo alteneta tuiache. Ingekuwa inapitisha chaji, ungeshazika glopu za gari zima. Parking kupepesa pamoja na indiketa hiyo ni ethi mbovu kwenye holda. Umeme wa indiketa ukikosa njia ya kurudi kwenye bodi unapitia kwenye glopu ya jirani. Chomoa holda, angalia zile shaba za ndani. Nina uhakika utakuta kutu ya kijani. Sugua kwa msasa laini hadi uone shaba, kaza waya wa ethi, rudisha.

Na kioo kupasuka mara nyingi ni maji. Glopu imewaka imepata moto, tone la maji baridi likaidondokea, pa! Maji yanaingiaje humo kama kona haina ufa? Nakuuliza tena, limeguswa na nini?

Kaka Nyegezi

Guta.

Pale Kirumba Mwaloni, asubuhi mnajua msongamano unavyokuwa. Mimi nimesimama, guta limebeba makreti linarudi nyuma, dereva wake hana hata habari. Kona ikapata ufa mdogo wa pembeni. Nikaupiga gundi, nikazungushia silikoni nyeupe, ukitazama kwa mbali huoni kitu. Mvua ikinyesha maji kidogo yanaonekana humo lakini jua likitoka yanakauka.

Kwa hiyo ufa nimeshaushughulikia. Turudi kwenye LED tafadhali.

Mama Dagaa

"Yanakauka." Hayakauki baba, yanageuka mvuke yanabaki ndani, usiku yanarudi maji. Hata mimi muuza dagaa nalijua hilo, tandiko langu la turubai linanifundisha kila siku.

Halafu IST Mwaloni asubuhi ilifuata nini? Mtu haendi Mwaloni alfajiri kutembea.

Kinyonga wa Capripoint

Nimekaa kimya nasoma, sasa naongea. Hii ni chai.

IST haina taa ya kona inayokaa peke yake. Indiketa ya mbele iko ndani ya taa kubwa, unafungua boneti, unaingiza mkono nyuma ya taa, unazungusha holda, inatoka. Huyu anazungumzia kona yenye ufa wake, silikoni yake, taa kubwa ikiwa nzima. Kona za hivyo ni za Toyota za miaka ya 90. Jamaa hana gari, hana guta, hana Jumapili. Kakaa mahali anatuchota.

Wakuu tunapoteza muda.

Sato Mbichi

Chai ya tangawizi kabisa. Leteni maandazi.

Mwana wa Mwaloni

Kinyonga yuko sahihi. Dada yangu ana IST, taa ni moja nzima. Mimi nilishtuka mapema nikanyamaza.

Dereva Mstaafu

Hata kama ni chai, elimu ya ethi imetolewa. Mimi nimeinakili. Kuna Haisi ya jirani inafanya hivyo hivyo, parking inapepesa, wameshabadilisha flasha na bado.

Bi Mkubwa wa Igoma

Hapana, msimfukuze. Mtu anayetunga angetunga kitu kikubwa, ajali, dawa za kienyeji, mke kakimbia na fundi. Nani anatunga habari ya glopu? Huyu anaficha jambo. Mwanangu, gari ni la nani?

Kaka Nyegezi

Kinyonga, usimwite mtu mwongo kabla hujamsikia.

Siyo IST. Ni Corolla AE100, nyeupe. Niliandika IST kwa makusudi kwa sababu mwenye nayo anapenda sana kusoma humu na nyeupe ya aina hiyo iliyotunzwa vile hapa mjini si nyingi. Gari ni la shemeji, mume wa dada yangu. Yuko mgodini Geita, anarudi Jumapili. Alipoondoka aliniachia funguo nimpeleke dada kliniki, na dada kliniki amepelekwa, hajakosa hata mara moja. Kwa hiyo sijavunja makubaliano.

Mwaloni nilipita kubeba vikreti vichache vya dagaa vya rafiki yangu hadi Buhongwa, gari lilikuwa limekaa tu. Betri nayo ikikaa inakufa, wajuzi mtaniunga mkono.

Nimeweka picha. Namba nimefunika.

Mzee wa Fyuzi

Betri hatuungi mkono kwa dagaa.

Picha nimeikuza. Maji yamejaa hadi nusu ya holda, na kuna kitu kinaelea, sijui ni kipande cha kioo au ni gamba la samaki. Silikoni umeipaka kwa nje tu, tena juu ya vumbi, upande wa chini imeshaachia. Hapo hata uweke LED ya ndege itakufa. LED ina vifaa vidogo vya elektroniki ndani yake, maji yakikaa kwenye miguu yake inaliwa na kutu kabla hata ya glopu ya kawaida.

Kinyonga wa Capripoint

Sawa, gari lipo, narudisha maneno nusu. Nusu nyingine nabaki nayo, maana naangalia hiyo picha naona bampa ni jeupe la maziwa na fenda ni jeupe la kuzeeka. Bampa limepakwa rangi juzi. Guta "limegusa" kona tu?

Mama Dagaa

Eee! Nilijua.

Kaka Nyegezi

Bampa lilikuwa na mchubuko wa zamani, hata kabla yangu. Nimemfanyia hisani. Rangi nimelipa kwa hela yangu.

Naona mnataka kunisulubisha. Mimi nimeuliza glopu.

Bi Mkubwa wa Igoma

Dada yako anajua?

Kaka Nyegezi

Anajua kuhusu dagaa, maana harufu aliikuta mwenyewe. Kuhusu guta hajui. Hali yake haitaki mshtuko.

Jirani wa Sengerema

Na mimi nichangie. Zamani shemeji angetoka Geita angekuta foleni ya kivuko pale Kigongo, ungepata nusu siku ya kukausha silikoni. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 wamekuharibia. Kilomita 3 za maji anazivuka akiwa anaongea na simu, sigara haijaisha yuko Usagara. Mwenzio nilikuwa namwambia mke wangu "nimekwama kivukoni" hadi saa nne usiku. Sasa hivi sina hata uongo mmoja uliobaki.

Sato Mbichi

Jirani umemaliza uzi 😂😂

Dereva Mstaafu

Kivuko kilikuwa na faida zake. Palikuwa na mama mmoja Busisi, sato wake wa kukaanga sijamwona mwingine. Nikiwa na safari ya Bukoba nilikuwa naomba foleni iwe ndefu.

Mzee wa Fyuzi

Turudi kwa mgonjwa. Kijana, gundi na silikoni vimeshindwa, ukubali. Kuna mawili. Ukitaka kuokoa hiyo hiyo kona, itoe. Kwenye Corolla hiyo kuna skrubu moja juu, unafungua boneti unaiona pembeni ya taa kubwa. Bisibisi ya nyota, toa skrubu, halafu ivute kona kuelekea mbele taratibu, ina kidole cha plastiki nyuma kimeshikilia kwenye bodi. Usiichokonoe kwa bisibisi kutoka ubavuni, kidole kikikatika kona itacheza maisha yake yote. Zungusha holda zitoke, mwaga maji, anika kona juani kutwa nzima mdomo ukiangalia chini. Kwangua silikoni yote, safisha ufa kwa spiriti, ndipo uzibe upya. Holda sugua msasa. Weka glopu ya kawaida ya wati 21.

La pili ni kutafuta kona ya mtumba. Mimi ningekwenda na la pili, ufa wa upande wa chini hauzibiki ukakaa.

Kabla hujaondoka dukani angalia rangi ya kioo. Kona ya kioo cha njano inatumia glopu nyeupe. Kona ya kioo cheupe inatumia glopu ya njano, na vile vinundu viwili vya kitako chake havikai mkabala, kimoja kimesogea pembeni, ili mtu asiweke nyeupe kimakosa. Ikigoma kuingia usiilazimishe, usikate kinundu. Nimeona watu wamekata. Indiketa inatoka nyeupe, wa mbele yako haelewi unakata kona au unamsalimia.

Mwana wa Mwaloni

Hizo LED rudisha Makoroboi.

Kaka Nyegezi

Hazirudishwi, jamaa hana duka, anatembea. Na mimi bado naona LED zina hadhi. Nitazitunza.

Mama Dagaa

Msikilizeni! Gari la mwenzio, kona imepasuka, bampa rangi mbili, ndani kunanuka dagaa, na bado anataka hadhi.

Mdogo wangu, shemeji ni ndugu. Mpigie leo umwambie "shem, guta limenigusa Mwaloni, kona imepata ufa, naitafuta nyingine." Atafoka dakika mbili. Akikuta mwenyewe hutashika funguo zile tena, na dada yako atapanda bajaji kwenda kliniki.

Kaka Nyegezi

Mama nakuheshimu, ila humjui shemeji. Hili gari analifuta vumbi na shati lake. Akisikia Mwaloni tu, basi.

Mrejesho: leo mchana nimetoa kona. Skrubu ilikuwa pale pale alipoisema Mzee wa Fyuzi, ilishika kutu kidogo, nikaiwekea mafuta ya breki ikatoka. Maji yaliyomwagika yangeosha vyombo. Kile kinachoelea kilikuwa gamba, na sijui dagaa wana magamba makubwa vile au lile guta lilibeba sangara. Holda zilikuwa za kijani kweli. Nimesugua, nimeweka glopu, nimewasha kona ikiwa mkononi, na indiketa imepepesa kawaida kabisa, parking imetulia. Mzee wa Fyuzi wabeja sana.

Shida iliyobaki, kona ya mtumba ya kushoto nimeipata kwa jamaa mmoja wa spea lakini ina kioo cha njano, na za gari ni nyeupe. Anasema nichukue zote mbili za njano zifanane. Mnaonaje? Nikiweka zote za njano si inaonekana kama ndivyo lilivyokuja?

Kinyonga wa Capripoint

Mtu anafuta vumbi na shati lake halafu asijue kona za gari lake zilikuwa rangi gani?

Mzee wa Fyuzi

Kwa usalama hakuna tatizo, njano zote mbili na glopu nyeupe ndani, mwanga unatoka wa njano inavyotakiwa. Ila kagua holda zake kwanza, kitako cha glopu ya njano na cha nyeupe ni tofauti, holda za gari hazitashika. Chukua kona pamoja na holda zake na nusu futi ya waya. Kwa shemeji sina ushauri, mimi ni wa umeme.

Bi Mkubwa wa Igoma

Mpigie.

Kaka Nyegezi

Nitampigia Jumapili akishavuka daraja, akiwa karibu na nyumbani hasira zinakuwa zimepungua.

Jirani wa Sengerema

Akishavuka daraja atakuwa amebakiza muda wa kuchemsha chai tu mkuu. Fikiria.

Mnunuzi wa Magu

Habari wakuu, nimechelewa kuuona uzi. Hiyo Corolla injini ni 5A? Haijafunguliwa? Shemeji akikasirika akataka kuiuza nina mteja wa haraka. Njoo chemba.

Kaka Nyegezi

Mkuu tafadhali.